Naomba ushauri: siku moja ya sanaa Dar, niko peke yangu

Habarini wapendwa. Natokea Mwanza, Jumamosi nitakuwa Dar siku nzima. Nataka kutazama sanaa na kutulia tu, bila haraka.

Nyumbani tuna picha ya kuchora ya mtindo wa Tingatinga aliyoiacha marehemu baba: chui wa manjano, rangi imeanza kubanduka karibu na sikio. Nimekua nikiitazama, kwa hiyo lazima nifike Oysterbay, pale Morogoro Stores, nione mafundi wakichora. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, alifariki 1972 na kazi bado inaendelea. Hilo linanigusa sana.

Asubuhi nafikiria Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kisha nikae na daftari langu kwenye bustani ya mimea iliyo jirani. Mchana Oysterbay, halafu kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni. Vinyago vya Mwenge naona niviache, nisije nikashinda kwenye foleni.

Je, mpangilio huu unawezekana kwa daladala? Kuna sehemu tulivu ufukweni ambapo mwanamke anaweza kukaa peke yake jioni bila kusumbuliwa? Na nikimtazama fundi saa nzima akichora, nimpe chochote au ninunue picha ndogo? Sitaki kumkosea.