Majeraha ya mazoezi, wana Arusha na Moshi: nini kilikulaza na ulirudije? Tupeane uzoefu

kisigino_njiro: Wakuu, habari za jioni. Leo nimepishana na jamaa anashuka Njiro anakimbia huku anachechemea, goti limefungwa bandeji, uso umekunjamana, na hasimami ng'o. Yangu yote yakanirudia. Sisi wa traiathloni (kuogelea, baiskeli na mbio) tuna balaa letu: mguu ukiuma unasema basi nitaogelea, bega likiuma unasema nitapiga baiskeli, mwisho huponi popote. Mimi ulikuwa ukano wa kisigino, msimu mzima. Asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani ni machozi. Hebu leteni zenu.

Mweka_Juu: Huyo anajiandaa na Kili Marathon. Wageni wote wanaogopa kupanda kilima cha Mweka, lakini mimi nilimalizwa na kushuka. Mapaja yanafunga breki kilomita baada ya kilomita, kesho yake ngazi za ofisini nashuka kinyumenyume.

Ngarenaro_Kwanza: Kinyumenyume 😂 tupo wengi.

alfajiri_mapema: Niwaambie dada zangu hasa. Nilikuwa nafanya mazoezi mara mbili kwa siku na kula nakula kidogo ili niwe mwepesi kupanda milima. Hedhi ikakata. Kocha akasema ni kawaida kwa wanariadha, nami nikafurahi kupungukiwa na usumbufu. Kisha muundi ukaanza kuuma sehemu moja tu, unaweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, na usiku unauma hata nimelala. Picha ya eksirei ikaonekana safi, nikaambiwa ni msuli. Iliyopigwa baadaye ndiyo ikaonyesha ufa. Daktari wa pili alianza kuniuliza nakula nini kabla hajagusa mguu. Hedhi ikikata jamani si kawaida, mifupa inaishiwa.

Sakina_Mbio: Pole sana dada. Huyo kocha bado anafundisha?

alfajiri_mapema: Yupo. Namwamkia, napita.

Gia_Kubwa: Ngoja niweke yangu, ndefu kidogo. Nimetoka Usa River kungali na giza, nikapita Kikatiti, King'ori, naitafuta njia panda ya uwanja wa ndege, KIA. Upepo uko mgongoni, nimelala juu ya usukani, raha tupu. Mbele ng'ombe wanavuka. Nikapiga hesabu: wa mwisho keshapita, napenya. Kumbe ndama kabaki nyuma, na ndama akimwona mama yake ng'ambo haangalii kulia wala kushoto. Nikasikia "kach" begani. Nimekaa kwenye majani, mkono haunyanyuki, mtulinga umeisukuma ngozi juu. Hapo bado nilikuwa mzima. Akasimama boda kunisaidia, akasema hili bega limechomoka, tulivute lirudi. Keshashika mkono, mguu wake kauweka kwapani kwangu! Nilipiga ukelele ng'ombe wote wakageuka. Aliyeniokoa ni mzee mwenye mifugo: alimtimua kwa fimbo, akavua shuka la juu, akaufunga mkono wangu kifuani. Hospitali wakaniuliza nani kafunga vizuri hivi.
Kurudi: baiskeli ya ndani iliyofungwa isiende ndiyo ilianza, mkono ungali umening'inizwa. Mbio zikasubiri mpaka picha ionyeshe mfupa umeshika. Kuogelea kulikuja mwisho kabisa, kwa sababu kila ukinyoosha mkono mbele bega ndilo linalobeba. Kofia ilipasuka vipande viwili.

Mweka_Juu: Ndama je?

Gia_Kubwa: Alisimama akaenda kunyonya. Ila siku ya pili mzee akanipigia.

Sakina_Mbio: Fidia hiyo!

Gia_Kubwa: Kunijulia hali. Na kuuliza kama baiskeli nauza.

Ngarenaro_Kwanza: 😂😂 Mada imeisha. Nyie wengine rudini kwenye visigino vyenu.

kisigino_njiro: Mada yangu imetekwa na ndama. Nani alishapona ukano?

Ngarenaro_Kwanza: Mafuta ya kondoo, uchuliwe na mtu anayejua, unapumzika. Hao mafizio, wataalamu wa viungo, wanakuchezesha mpira wa kamba halafu unalipa.

Nyonga_na_Goti: Mkuu, mimi ndiye huyo mchezesha kamba. Ukano ukipumzishwa tu maumivu yanatulia, ila unabaki dhaifu, siku ukirudi barabarani unauma upya. Unataka mzigo, taratibu. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, panda kwa miguu yote miwili, shuka polepole kwa mguu mgonjwa. Wiki 12, si siku tatu. Na kuchua kwa nguvu pale penye ukano kunauchokoza zaidi.

Ngarenaro_Kwanza: Babu zetu walikuwa na ngazi?

Nyonga_na_Goti: Walikuwa na vilima.

Mweka_Juu: Mimi siku ya mbio nameza diklofenaki mbili za maumivu, nasahau kama nina miguu.

Nyonga_na_Goti: Usisahau na figo. Dawa hizo, jua na jasho kwa pamoja zinaumiza figo. Acha kabisa.

Mweka_Juu: Mnadekeza watu. Mzee wetu Akhwari wa Mbulu aliumia goti Mexico 1968 na marathoni akamaliza, wa mwisho, gizani.

Sakina_Mbio: Ile ilikuwa Olimpiki, kaka. Wewe unakimbilia medali ambayo kila anayefika anapewa.

Mweka_Juu: Nimekusamehe kwa sababu ni usiku.

alfajiri_mapema: Kisigino, jaribu kukimbia majini, kina cha kutokanyaga chini. Inachosha akili lakini pumzi haipotei.

Ngarenaro_Kwanza: Au lala tu. Mimi nililala nikapona.

kisigino_njiro: Nimepata ngazi, kondoo, bwawa na usingizi. Jumamosi nakwenda baipasi polepole, saa 11 alfajiri. Nani anakuja?

Gia_Kubwa: Nipo. Kofia lazima, na taa ya nyuma.

Sakina_Mbio: Nakuja na gari nyuma yenu, goti langu bado. Nani ana pampu ya vali nyembamba?