Nyumba Mbezi Makabe imeuzwa mara tatu tangu 2014, ninunue au nikimbie?

Baba Watatu
Wakuu habari zenu. Mwaka wa nane huu tumepanga Sinza, watoto wamekua, kodi ya miezi sita imetuchosha. Tumepata nyumba Makabe, bajaji moja tu kutoka Mbezi Mwisho. Vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, stoo, fensi na geti. Luku ipo, simtanki la lita 2,000 lipo. Shule ya msingi watoto wanatembea, zahanati ipo karibu, na Stendi ya Magufuli ni pua na mdomo, Desemba tukienda Moshi hatuhangaiki. Bei milioni 85, dalali anasema maongezi yapo.

Shida ni karatasi. 2014 mzee mwenye shamba aliuza kiwanja. 2017 likauzwa pagale. 2020 nyumba ikauzwa imekamilika, na sasa huyu naye anauza, eti anahamia Dodoma. Zote ni mauziano ya serikali ya mtaa, hati hakuna. Nyuma kuna kijito, upepo mwanana, wife keshapanga matuta ya mchicha. Nishaurini.

Mkazi wa Kimara
Kuuzwa mara tatu si dhambi. Ila mimi 2017 nilikuwepo kwenye bomoabomoa ya Morogoro Road. Ile X nyekundu haikumuuliza mtu ana karatasi ya mtaa au hana. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na namba za upimaji, uulize pale pamepangiwa nini. Usitumie mtu wa dalali.

Shangazi Mpole
Muuzaji ana mke? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenza. Mke asaini mbele yako, si "yupo safarini, atasaini akirudi". Na huyo mzee wa shamba, kama ameshafariki, watoto wake walishirikishwa?

Dogo Kigamboni
Njoo huku mkuu, milioni 85 unapata na bahari 😂

Fundi Tofali
Nyie wote mmepita kijito kama hamjakiona. Baba Watatu, kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye maji ni hatua ngapi? Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Halafu nenda siku ya mvua, bila dalali. Angalia ukuta kwa ndani, chini ya dirisha la jikoni. Rangi mpya kwenye kozi tatu za tofali za chini tu maana yake kuna kitu kimefichwa.

Baba Watatu
Nimerudi jana, mvua ilipiga tangu alfajiri. Nimehesabu hatua 38. Rangi ya jikoni ni mpya hadi usawa wa goti, nikaikwaruza kwa ufunguo, chini yake kuna mstari wa tope. Mama wa jirani anayeuza genge kaniambia, "Baba, Aprili wale wanalalaga kwangu."

Dalali kapiga simu leo asubuhi, imeshuka hadi 70.

Fundi Tofali
Itafika 50.

Shangazi Mpole
Na mke umeshamwambia habari za mchicha?

Baba Watatu
Bado, shangazi. Naanzia wapi?