Msaada wakuu: pikipiki ya safari imekuwa ngumu kama ubao, mgongo unaniisha

Mzinga wa Isevya

Habari za jioni wakuu. Nipo Tabora mjini, kazi yangu ni kununua asali kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na Ipole, kwa hiyo njia ile naipita karibu kila wiki. Nina BMW F 650 GS ya mwaka 2004, ile ya silinda moja. Nimeinunua kwa mtu mwezi wa tatu. Injini haina neno. Kinachonitesa ni shokapu.

Kutoka mjini hadi Sikonge ni lami, ila kila kijiji kina rasta na matuta. Kwenye rasta stelingi inanipiga viganja mpaka vidole vinakufa ganzi. Nikivuka Ipole kushika ile ya vumbi ya kuelekea Rungwa, kwenye mawimbi mawimbi nyuma inakuwa kama haina springi. Mita 50 za kwanza afadhali, halafu inazidi kukakamaa hadi inabidi nisimame kwenye vikanyagio. Wiki iliyopita nilirudi na madumu mawili ya asali, moja likapasuka mshono njiani. Hasara ile naweza kuimeza. Mgongo ndio unaonitisha, asubuhi nashindwa kuinama kufunga kamba za viatu, na nina miaka 34 tu.

Fundi wa kwanza alibadilisha oili sili za mbele, zile raba za kuzuia oili ya shokapu, zilikuwa zinavuja. Ugumu wa mbele ulizidi baada ya hapo. Fundi wa pili anasema shokapu ya nyuma imekufa ninunue nyingine, na bei aliyonitajia inatosha kupata bodaboda iliyotumika. Nina kilo 66. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Chuma Nzega

Nunua shokapu mpya mkuu, usihangaike. Pikipiki ya mwaka 2004 unategemea nini?

Safari Ndefu Urambo

Mkuu Chuma, shokapu iliyokufa huwa laini, inadunda dunda kama mpira. Yeye analalamika ugumu. Hapo kwanza aangalie upepo. Mzinga, tairi umejaza ngapi? Wajazaji wetu wengi wanajaza kwa mazoea ya gari la mizigo.

Mzinga wa Isevya

Nimetoka kupima sasa hivi. Mbele PSI 45, nyuma 45.

Safari Ndefu Urambo

Basi umeanza kupata jibu. Kwa mtu mmoja pikipiki hiyo haihitaji hata 35. Fuata kitabu chake, na upime asubuhi tairi ikiwa ya baridi. Tairi ndiyo shokapu ya kwanza, kokoto ndogo zinamezwa na tairi, hazitakiwi hata kufika kwenye springi.

Spana ya Gungu

Mwangaluka, nawasalimu kutoka Kigoma. Hoja ya upepo ni sahihi, lakini haitoshi kueleza hayo yote. Mzinga, nina maswali matatu. Fundi aliyebadilisha sili aliweka oili gani mbele, na ulimwona akipima? Kile kitasa cha kuzungusha kwa mkono, pembeni chini ya kiti, kimezungushwa kiasi gani? Na aliyekuuzia alikuwa mtu wa mwili gani?

Mzinga wa Isevya

Oili alitoa kwenye chupa ya oili ya injini, ile ya 40. Akamimina tu, hakupima na chochote. Kitasa sijawahi kukigusa, nimejaribu sasa hivi kimegoma kwenda upande wa kukaza, kwa hiyo kimefika mwisho. Aliyeniuzia ni baba mnene, alikuwa akisafiri na mama watoto wake na masanduku ya pembeni.

Spana ya Gungu

Nilijua. Tuliza moyo kaka, hela yako ibaki mfukoni kwanza.

Shokapu za mbele za pikipiki yako ni za kawaida, hazina skrubu za kurekebisha. Ndani kuna bomba lenye vitundu vidogo, na oili inalazimishwa kupita humo kila tairi inapopanda. Ukipita bonde pole pole, oili hata nzito inapata muda wa kupita. Ukigonga rasta, bomba linaminywa kwa kishindo, na kasi ikiongezeka mara mbili ukinzani wa oili kwenye vitundu unakaribia mara nne. Sasa weka oili ya 40 hapo. Haipiti. Shokapu inageuka nondo, na nguvu yote inaishia kwenye viganja vyako. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Tabora, inazidi kuwa nzito.

Halafu kuna kiasi. Juu ya oili lazima ibaki nafasi ya hewa. Ukijaza kupita kipimo, ile hewa kidogo iliyobaki inabanwa haraka na kugeuka springi ya pili uliyoiongeza bila kujua.

Boda Kazima

Fundi, naomba nikupinge kwa heshima. Boxer zetu zote hapa Tabora tunaweka oili ya 40 na tunabeba magunia ya mkaa. Hakuna anayelalamika.

Spana ya Gungu

Ndugu yangu, hulalamiki kwa sababu gunia la mkaa linakusaidia kuibana, na mwendo wako ni wa mjini. Hata hivyo ukiweka nyepesi siku moja, mikono yako itakuambia. Wengi tunaweka ya 40 kwa kuwa ndiyo iliyopo mkononi, na sili iliyochoka haivujishi haraka ikiwa nzito. Hapo tunaficha ugonjwa wa sili. Shokapu ndiyo inayoumia.

Mzinga, tafuta oili ya shokapu ya 10W. Ukiikosa kabisa, oili ya gia boksi za otomatiki za magari inakaribia wepesi huo, wengi tumeitumia tukiwa mbali na maduka.

Dada wa Lami

Shikamoo fundi, na wengine habari zenu. Mimi natembea na pikipiki kubwa kati ya Dodoma, Tabora na Kigoma mwaka wa sita sasa. Kabla hajafungua kitu, namwomba kaka Mzinga apime kwa futi. Mafundi wetu wanaanza na spana, na ndiyo maana pesa zinapotea.

Mbele funga kamba nyembamba kwenye lile bomba linalong'aa, isukume hadi igusane na sili pikipiki ikiwa imeinuliwa tairi inaning'inia. Shusha taratibu, panda ukiwa umevaa mavazi yako ya safari, miguu kwenye vikanyagio, mtu akushikie isiegemee. Shuka taratibu, inua tena, pima kamba imesogea milimita ngapi. Nyuma pima kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyoweka juu yake kwenye keria, tairi ikining'inia na wewe ukiwa umekaa. Tofauti ndiyo jibu.

Pikipiki hiyo safari ya shokapu, yaani umbali inaoweza kusogea, mbele ni milimita 170 na nyuma 165. Ukikaa inatakiwa izame karibu theluthi, yaani 50 hadi 55 hivi. Ikizama kidogo sana, umekaa juu ya springi iliyokazwa tayari, haianzi kusogea mpaka ipigwe sana. Na nisisitize hili kwa sababu linachanganya wengi: kukaza kile kitasa hakubadilishi ugumu wa springi yenyewe, springi ni ile ile. Unachobadilisha ni pale inapoanzia kazi.

Mzinga wa Isevya

Shukrani sana dada. Nimepima leo na mdogo wangu, tumerudia mara tatu tupate wastani. Mbele 26. Nyuma 18.

Dada wa Lami

Nyuma 18! Kaka, umekuwa ukiendesha pikipiki iliyowekwa kwa ajili ya watu wawili na masanduku. Legeza kitasa, pima, legeza tena, hadi ufike 50.

Ila hiyo 26 ya mbele inanitia shaka. Oili nzito haibadilishi kipimo hiki, maana ukikaa umetulia oili haina kazi, springi peke yake ndiyo inayobeba. Kuna kitu kimeongezwa juu ya springi. Fundi akifungua aangalie.

Spana ya Gungu

Dada umenena. Mzinga, mkifungua mwe makini na vifuniko vya juu, springi inasukuma. Uso usiwe juu yake. Inueni mbele kwa kitu imara chini ya injini, jeki juu ya matofali hapana. Toeni shokapu zote mbili, mwageni oili kwa kuzigeuza na kupampu hadi zikauke. Mkijaza, pampuni pole pole kutoa hewa, halafu mpime kutoka ukingo wa juu hadi usoni mwa oili, springi ikiwa nje na shokapu imeminywa yote. Kipimo kipo kwenye kitabu cha gereji, na pande zote mbili ziwe sawa kabisa.

Jambo ambalo mafundi wengi wanaruka: mkirudisha tairi, msikaze boliti zinazobana ekseli kabla ya kuminya mbele mara nne au tano. Miguu miwili ya shokapu ikifungwa imepindana hata kidogo, bomba linasugua bushi na ugumu unabaki pale pale hata na oili nzuri.

Mzinga wa Isevya

Wakuu, nimerudi. Jumamosi tumefungua, nimesimama hapo mwanzo mwisho. Oili iliyotoka ni nyeusi na ilikuwa imejaa karibu na mdomo. Na dada, Mungu akubariki: juu ya kila springi tumekuta kipande cha bomba la maji la plastiki, urefu wa sentimita 3, kimeongezwa juu ya kile cha kiwandani. Nimempigia aliyeniuzia, anasema aliwekewa ili mbele isizame akibeba familia.

Tumevitoa, tumeweka 10W kwa kipimo. Mbele sasa inazama 54. Nyuma nimelegeza kitasa hadi 51. Upepo nimeweka wa kitabu. Rasta za njia ya Sikonge nimezipita mkono mmoja umelegea, sikuamini.

Imebaki moja. Kwenye mawimbi ya vumbi nyuma bado inakakamaa kadiri ninavyokwenda. Sio kama zamani lakini ipo.

Spana ya Gungu

Hapo ni kasi ya kurudi. Chini kabisa ya shokapu ya nyuma kuna skrubu ya bisibisi bapa, hiyo inaamua springi irudi haraka au pole pole. Yule baba kwa uzito wake bila shaka aliifunga. Tairi inapanda wimbi la kwanza, inaminywa, na kabla haijarudi chini wimbi la pili limefika. Kila wimbi linakula safari kidogo, baada ya mita 50 umeshakalia raba ya mwisho. Ndiyo maana ulisema mwanzo afadhali.

Ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko hadi iguse, usikaze, andika namba. Kisha fungua, na uongeze robo robo ukijaribu kipande kile kile cha barabara. Kandamiza kiti ukiachie: kinatakiwa kupanda mara moja na kutulia. Kikipanda kwa kujivuta bado imefungwa, kikidunda umepitiliza. Na siku ukipata nafasi, fungua vile viungo vya chini ya shokapu upake grisi. Matope ya masika yanakausha beringi zake, na beringi kavu ugumu wake unafanana na shokapu mbovu.

Mzinga wa Isevya

Ilikuwa imefungwa yote, haikuzunguka hata robo! Nimefungua mzunguko mmoja na robo. Nimekwenda Ipole na kusogea mbele kidogo njia ya Rungwa, mawimbi nayasikia lakini tairi inayafuata. Viungo nimefungua pia, beringi moja ilikuwa na kutu, nimebadilisha.

Dada wa Lami

Hongera kaka. Sasa swali langu: ukirudi na asali unarekebisha?

Mzinga wa Isevya

Hapana dada. Natakiwa?

Dada wa Lami

Lita moja ya asali ni karibu kilo 1.4. Dumu la lita 20 ni kilo 28, mawili ni 56. Huyo ni abiria kamili, tena amekaa nyuma ya ekseli kama umeyafunga kwenye keria. Na tenki la pikipiki yako lipo chini ya kiti, kwa hiyo hata mafuta yanaelemea nyuma. Ukipakia Ipole, kaza kitasa hadi izame tena kama 50, uhesabu umezungusha mara ngapi, uandike. Nyuma ikizama sana mbele inakuwa nyepesi, na kwenye vumbi stelingi inayumba. Upepo wa nyuma nao uongeze kwa kipimo cha kitabu cha mzigo. Madumu yasogeze karibu na kiti kadiri unavyoweza.

Mzinga wa Isevya

Nimerudi jana usiku na madumu mawili, yote mazima. Kitasa nilizungusha mara tisa hadi ikafika 50, nimeandika kwa kalamu ya wino chini ya kiti: tupu sifuri, asali tisa. Asubuhi hii nimefunga viatu nimeinama.

Spana ya Gungu

Safi kaka. Baada ya wiki angalia sili za mbele kama kuna unyevu, na ukaze tena boliti za ekseli.