Chuma cha kujivuta, ketobeli ama jimu: nichukue kipi kwa mgongo na tumbo?

KijanaWaTudor
Assalaam aleikum. Nina elfu nane ya vifaa vya mazoezi na nataka kununua kabla wiki haijaisha. Sensei, mwalimu wangu, kila siku ananiambia kiuno changu kilegevu, nikivutwa kidogo nakunjika. Nimeona chuma cha kujivuta cha kufungwa ukutani, nimeona ketobeli ya kilo 16, lile tufe la chuma lenye mkono juu, na kuna jimu karibu na kwetu ya kulipa kwa mwezi. Nichukue kipi?

mkanda_kahawia
Waaleikum salaam. Sensei wa nini, ndugu yangu? Karate, judo, taekwondo? Mgongo ni mzima ama unauma? Nyumba ni yako ama umepanga? Usiposema, kila mtu hapa atakupigia debe la kitu chake.

NahodhaMkomani
Mimi nasema bahari, na ni bure. Mtindo huria unaivuta ile misuli mipana ya mgongo inayoshuka kutoka kwapani hadi kiunoni, na tumbo linafanya kazi muda wote kukuweka sawa majini. Nenda ufuo wa Pirates asubuhi maji yakiwa yamejaa.

mkanda_kahawia
Bahari haikukamati kola ikakuvuta, nahodha.

KijanaWaTudor
Samahani, ni judo, mkanda wa njano. Nyumba nimepanga.

mkanda_kahawia
Basi chuma cha kujivuta, wala usisite. Lakini usishike chuma chenyewe. Tupia kikoi juu yake, kamata ncha mbili kama ulivyokamata kola na mkono wa gi (vazi la judo) la mwenzako, ujivute hapo. Vidole, vigasha na mgongo vyote vinafanya kazi pamoja. Ukishindwa kujivuta, ning'inia tu mpaka vidole vifunguke. Kisha funga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, ingia kama unayerusha, kulia na kushoto. Hiyo ndiyo uchi-komi ya nyumbani, yaani kurudia kuingia bila kumrusha mtu, na tyubu kuukuu fundi baiskeli hatakudai pesa nyingi.

BintiKibokoni
Kwenye jimu nenda ukiwa umemjua mkufunzi. Mimi ni wa karate, nilikwenda moja (siitaji jina) kutafuta kiuno cha teke la mzunguko. Mkufunzi akanilaza kwenye benchi la mteremko, miguu imebanwa, sahani ya kilo 10 kifuani: niinuke, na nikifika juu nijipinde huku na huku. Nikamwambia mgongo wa chini unachoma. Akasema huo ndio utamu wa zoezi, maliza seti. Kesho yake nainama bafuni kushika ndoo, nikasikia kama umeme umenipita kutoka kiunoni, tako la kulia, hadi kisiginoni. Sikuweza kunyooka, mama ndiye aliyenivalisha viatu. Picha ikaonyesha diski, ule mto ulio kati ya pingili za chini, imetokeza na kukandamiza mshipa wa fahamu. Kukaa kwenye matatu hadi kazini Mtwapa kulikuwa adhabu: nashuka Bamburi, nanyoosha mguu kando ya barabara, napanda nyingine na nauli nalipa tena. Nilipomrudia yule mkufunzi akaniambia nina mwili mdogo.

Aliyeniponya ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, na hakunipa chuma hata kimoja. Kulala chali, mikono chini ya kiuno, kuinua kichwa na mabega kidogo tu. Planki ya ubavu, yaani kulalia ubavu na kujiinua kwa kiwiko. Na kupiga magoti na viganja chini, nikinyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Kila mkao sekunde 10, unapumzika, unarudia.

Mtulivu_K
Pole sana dada. Hayo matatu ni ya Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Hoja yake ni kwamba kazi kubwa ya tumbo ni kuzuia kiwiliwili kisikunjike ovyo, ili nguvu ya miguu na nyonga ifike mikononi. Kiuno kikilegea, nguvu inapotelea hapo katikati. Maabara kwake walikunja na kukunjua uti wa mgongo wa nguruwe mara nyingi mno hadi diski zikatokeza.

mkanda_kahawia
Wa nguruwe aliyekufa! Mwili hai unajirekebisha ukipumzishwa na ukiongezewa uzito polepole. Seoi-nage, kumrusha mtu juu ya bega, utaipiga vipi bila kuinama? Msimtie kijana hofu ya mgongo wake.

Mtulivu_K
Ainame, ila aanzie magotini na kwenye nyonga. Ndiyo maana mimi ningechukua ketobeli. Kuibembeza kunafundisha nyonga, na ukiibeba mkono mmoja ukatembea, ubavu wa pili unapigana usilale. Judo ni hivyo hivyo, mzigo uko upande mmoja.

FundiMajengo
Mbona hakuna aliyeuliza ukuta? Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa bolti haishiki, ukining'inia inatoka na kipande cha ukuta. Afadhali fremu ya kusimama, mabomba ya kuchomelea. Na chuma chochote kipigwe rangi, chumvi ya huku inakula.

NahodhaMkomani
Kutu hiyo! Bahari haishiki kutu.

BintiKibokoni
Kusi hii, nahodha? Maji yamechafuka, mwani ufuo mzima.

NahodhaMkomani
Ndani ya mwamba, upande wa ufuoni, maji hutulia, dada. Subiri yajae, wala usivuke mwamba.

KijanaWaTudor
Nashukuru nyote. Ukuta ni wa mawe ya zamani kweli, na mwenye nyumba sijamuuliza. Jambo jingine sikusema: asubuhi mgongo wa chini huwa umekaza mpaka nitembee kidogo.

Mtulivu_K
Hilo ndilo ungeanza nalo! Maumivu yanashuka mguuni? Kuna ganzi? Mwone fizio kabla hujatoa hata shilingi.

mkanda_kahawia
Sisi sote tunaamka tumekaza siku ya pili baada ya randori, yale mazoezi ya kupambana. Aning'inie kwa kikoi, miguu iguse chini.

Mtulivu_K
Hujui kama ni randori. Mwache ajibu kwanza.

MzeeTononoka
Fundi, hiyo fremu inagharimu ngapi? Naitaka kwa mwanangu wa taekwondo, lakini dari yetu ni ya boriti na iko chini.

FundiMajengo
Inategemea bomba, mzee wangu. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, uniletee kipimo.