Kiti cha chuma na ngozi cha Denmark: ni PK22, PK20 au nakala?

BintiUnguja_Odense
Wakuu, habari za leo. Hapa Odense, Denmark, kuna duka la mitumba ya fanicha limetoa kiti kimoja kifupi: fremu ya chuma bapa kisichong'aa, ngozi ya kahawia iliyowambwa kikao na mgongo, hakina mikono. Muuzaji anasema ni kazi ya Poul Kjærholm, mbunifu wa fanicha wa Denmark, lakini hajui ni kipi. Nimekipenda mno. Nitofautishe vipi viti vyake viwili, PK22 na PK20, na nakala nitaijuaje?

FundiChuma_Temeke
Dada, kikalie kwanza. PK20 ya mwaka 1968 ni chuma cha springi kinachobeba kikao kutokea mbele, ukikaa kinanesa. PK22 ya 1956 imesimama kwa miguu ya mbele na ya nyuma, imetulia. Vipimo vyake ni upana wa sentimita 63 hivi, kimo 71, na kikao kiko 35 tu kutoka sakafuni.

Halafu kigeuze. Hapo ndipo kazi ilipo. Miguu ya kila upande ni bapa la chuma lililopindwa, na pande hizo mbili zinaunganishwa na vyuma viwili vyenye tao vinavyobeba kikao. Vimeshikwa kwa bolti zenye tundu la pembe sita, ukitaka unafungua kiungo kwa kiungo. Kjærholm alianza kama seremala, na inaonekana: hakuficha kiungo. Ukiona miguu imechomelewa kwenye hivyo vyuma vya tao, achana nacho.

Mzee wa Fanicha
Mkuu kamaliza upande wa chuma. Mimi naongeza rangi. PK22 halisi ya zamani ina kromu iliyofifia, laini ukiipitishia kidole. Nakala nyingi zinametameta kama kioo kwa sababu mtengenezaji anafikiria Barcelona, kiti cha msanifu majengo Mies van der Rohe cha mwaka 1929. Ile ya Mjerumani miguu inapishana kama herufi X, na juu kuna mito minene yenye vifungo. Kwa Kjærholm hakuna mto, ngozi imewambwa kwenye fremu moja kwa moja.

Kwangu mimi PK22 ni bora kuliko Barcelona. Barcelona ni kiti cha kutazamwa. PK22 haizibi chumba, unaona sakafu chini yake.

Nuru_Kbh
Naomba nitofautiane kidogo, wadau. Kama ni kuchagua kazi ya Kjærholm, mimi nachukua PK25. Aliibuni mwaka 1951 kama kazi yake ya kuhitimu shule ya sanaa za mikono hapa Copenhagen. Fremu ni chuma kimoja kilichokatwa na kupindwa, bila kiungo hata kimoja, na badala ya ngozi imezungushiwa kamba ya kupandishia bendera. Aliyelalia kitanda cha kamba ataelewa mara moja mwili unavyobebwa pale.

Mzee wa Fanicha
Nuru, ni nzuri, lakini aliyeuliza amekiona cha ngozi. PK22 yenyewe ilitoka pia kwa henzirani, na mwaka 1957 ilipata tuzo ya Grand Prix kwenye maonyesho ya Triennale ya Milan.

BintiUnguja_Odense
Asanteni sana. Nimerudi nikakigeuza. Hakinesi. Bolti zipo, tundu la pembe sita. Kwenye chuma kuna alama ndogo iliyogongwa, ya E. Kold Christensen. Ngozi ina nyufa nyembamba mbele, na mshono mmoja umefumuka. Muuzaji anasema angekuwa yeye angeweka ngozi mpya.

FundiChuma_Temeke
Usithubutu! Kold Christensen ndiye aliyekuwa anatengeneza kazi za Kjærholm enzi za uhai wake. Kjærholm alifariki 1980, na kampuni ya fanicha ya Fritz Hansen ikachukua uzalishaji mwaka 1982. Cha Fritz Hansen nacho ni halali kabisa, na kwa kukaliwa kila siku pengine ni salama zaidi. Ila hicho chako ni cha zamani zaidi, na ngozi yake ya awali ni sehemu ya thamani yake. Mpe fundi wa ngozi ashone palipofumuka tu. Kromu ifute kwa kitambaa chenye unyevu, usiipige msasa wala dawa ya kung'arisha, ukifikia chuma chenyewe kutu inaingia.

Nuru_Kbh
Na usikiweke karibu na hita, dada. Ngozi yenye nyufa ikikauka zaidi itapasuka hapo hapo kwenye ukingo wa mbele.