Tupeane uzoefu: mlioanza kuratibu watoto wenye mahitaji maalumu chekechea, mlianzaje?

MwalimuWaAwali: Wakuu, nimeambiwa kuanzia muhula ujao mratibu ni mimi. Nimekabidhiwa faili nene na ufunguo wa kabati, basi. Mliopita huku, wiki za mwanzo mlizimalizaje?

Chaki_Nyeupe: Mimi nilijifanya daktari. Kulikuwa na mtoto wa miaka 4, ukimwita haitiki, hadithi ikisomwa yeye anachezea kamba za viatu. Moyoni nilishasema huu ni usonji (autism), tena nikamdokezea mama yake. Dada msaidizi wa darasa ndiye aliyeniuliza, "Mbona akikuona uso anaitika?" Nikasimama nyuma yake, nikamwita: kimya. Nikazunguka mbele, nikaita kwa sauti ileile: huyo, anakuja anacheka. Alipopimwa masikio akakutwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, kitu cha kawaida sana kwa watoto wa umri ule, hasa wakiandamwa na mafua. Mama yake nilimwomba radhi, ila wiki ile usingizi sikuupata. Tangu hapo naandika nilichokiona: "Saa 3:20, ameitwa mara mbili kwa nyuma, hakugeuka." Neno "msumbufu" silitaki kwenye daftari langu.

BibiMadaftari: Mwenzangu kasema kweli. Nami naongeza la walimu wenzako: wakishasikia kuna mratibu, kila anayelia analetwa mlangoni kwako. Siku ya pili nilikuwa nao watatu ofisini, na mmoja alikuwa na njaa tu! Usiwapokee. Nenda wewe darasani, umsaidie mwalimu akiwa na mtoto wake palepale, maana ndiye anayeshinda naye.

Kimya_Kimya: Wazazi ndio mtihani. Baba mmoja alinyanyuka akaondoka nilipofungua faili tu, hata salamu hazijapoa. Alipokubali kurudi nililiacha kabatini. Nikamwambia mwanawe anavyopanga vifuniko vya chupa kwa rangi bila kukosea, kisha nikamuuliza, "Nyumbani akichachamaa mnamtulizaje?" Kumbe wanamhesabia kurudi nyuma kuanzia 5. Hadi leo darasa zima tunahesabu naye.

Chaki_Nyeupe: Na kadi za picha za ratiba (kunawa, kula, kucheza) zibandike usawa wa macho ya mtoto. Zangu zilikaa mwezi mzima usawa wa macho yangu, nikashangaa hazisaidii 😂

MwalimuWaAwali: Asanteni mno. Nimelifungua faili sasa hivi. Ukurasa wa kwanza: "Mkaidi, hasikii." Hakuna tarehe, hakuna saa. Jumatatu naenda kukaa darasani kwake. Nikae nyuma au pembeni?

BibiMadaftari: Pembeni, kwenye kiti chao kidogo. Magoti yatakuuma, vumilia.