Naombeni ushauri: niache kwanza kusoma sai-fai na fantasia ndio niweze kuandika stori yangu?

Kurasa_Elfu:

Wakuu habari zenu, mnisamehe mapema maana uzi utakuwa mrefu kidogo, jambo lenyewe linanikaa rohoni muda sasa.

Mimi vitabu vya sai-fai (stori za kubuni za sayansi) na fantasia vimenishika vibaya, nianzie hapo. Cha kwanza kilikuwa The Time Machine ya H.G. Wells, kopi imechakaa haina hata kava, nikafika pale msafiri anapokwenda mpaka mwaka 802,701 nikasimama kusoma nikabaki naangalia ukuta tu. Mwaka laki nane! Mpaka siku ile nilijua stori inaweza kukupeleka nchi ya mbali au vita vya zamani, sikujua kama mtu anaweza kukaa chini akawaza binadamu watakuwaje baada ya miaka laki nane halafu mimi nikamwamini. Na kile kitabu ni cha 1895 jamani.

Tangu hapo sijapona. Dune nimeisoma mara tatu, A Wizard of Earthsea sihesabu tena, Kindred ya Octavia Butler nilianza jioni nikamaliza alfajiri na kesho yake sikuweza kuongea na mtu vizuri, yaani yule dada Dana yuko zake 1976 anavutwa tu mpaka enzi za utumwa, hamna mashine hamna maelezo, na huulizi kwa sababu unachoogopa ni yeye kubaki kule. Kila nikimaliza kitabu cha hivyo natembea barabarani naona vitu vya kawaida kama vimebadilika rangi. Naamini hakuna uandishi mwingine unaonifanyia hivi.

Sasa shida. Naandika riwaya yangu, mwaka wa pili huu, kwa Kiswahili. Nilianza na sayari ya jangwa, maji shida, kijana baba yake kauawa, kuna utabiri. Nikamsomea mdogo wangu chapta mbili, akaniuliza taratibu, kaka hii si Dune? Nikaiweka pembeni nikaanza upya, safari hii visiwa, na uchawi unatoka kwenye majina ya siri ya vitu. Nimefika chapta ya tatu ndio nagundua niko Earthsea. Hata sentensi zangu zinafuata kitabu nilichosoma wiki hiyo, nikisoma mwandishi wa sentensi fupi na mimi nafupisha, nikisoma wa maneno mengi na mimi narefusha.

Mtu mmoja anayeandika ameniambia nifunge, nisisome kabisa hivi vitabu miezi sita mpaka rasimu iishe. Naelewa mantiki yake ila moyo unakataa, ni kama kumwambia mwimbaji asisikilize muziki.

Na kuna la pili, nikiandika kwa Kiswahili wahusika wakiwa ndani ya chombo cha anga naona kama natafsiri tu, maneno hayakai. Mliopita huku nisaidieni.

Rasimu_ya_Saba:

Mkuu usifunge. Mimi nilifunga miezi minne na sikuandika hata robo ya nilichotegemea, kwa sababu kilichokuwa kinanikalisha mezani ni ule moto wa kusoma. Ukiuzima unazima vyote.

Ninachofanya sasa ni kukwepa kitabu kinachofanana na ninachoandika, basi. Naandika jangwa, sigusi jangwa la mtu mwingine mpaka nimalize. Vingine vyote nasoma.

Ila nadhani tatizo lako liko kwingine. Wewe unakunywa kwenye mtungi wakati wenzako walienda kisimani. Dune imetoka wapi? Frank Herbert alikwenda Oregon miaka ya 1950 kutafuta habari ya makala kuhusu michanga inayohama, kule watu walikuwa wanapanda majani ili kuizuia isimeze barabara na nyumba, akazama kwenye hiyo habari miaka, anasoma jangwa, dini, jinsi watu wanavyobadilishwa na ardhi wanayokaa, kitabu kikaja kutoka 1965. Ona hapo hajaanza na riwaya ya mtu, ameanza na mchanga. Tolkien alikuwa profesa wa lugha za zamani, jina la mchawi wake Gandalf na majina ya wale mbilikimo wa The Hobbit ameyachota kwenye shairi la kale la Wanorse, watu wa zamani wa Skandinavia. Baba yake Ursula Le Guin, huyo wa Earthsea, alikuwa mwanaanthropolojia, Alfred Kroeber, ndio maana ukisoma The Left Hand of Darkness unaona mtu anayejua kuuliza watu wa mahali fulani wanaoaje, wanalala wapi, wanaona aibu ya nini.

Kwa hiyo nenda kasome kitu kimoja halisi kinachokushangaza, mchwa, mawimbi, historia ya chumvi, chochote, mpaka ujue kuliko watu wote unaowafahamu. Huko hutamkuta Herbert.

Bi_Kilimia:

Mwanangu mimi nijibu hilo la lugha maana limeniuma kidogo. Kiswahili hakikai kwenye anga? Hebu rudi kwenye hiyo Dune yako. Wale watu wa jangwani wanamwita Paul, yule kijana shujaa, "Lisan al-Gaib". Sisi lisani tunayo, ni ulimi, ni lugha, na ghaibu tunayo, ndiyo iliyozaa ughaibuni. Jina lake lingine Muad'Dib, lisikilize, humo ndani mna adabu. Herbert alichota kwenye Kiarabu, na maneno hayohayo kwetu ni ya nyumbani, mwenzio alikuwa anatafuta mguso wa mbali, wewe umezaliwa nao. Na Nnedi Okorafor riwaya yake fupi ya 2015 kaipa jina Binti, neno letu kabisa, na msichana huyo anaondoka duniani kwenda kusoma chuo cha sayari nyingine, kitabu kikapata tuzo za Hugo na Nebula.

Halafu mtu akikuambia fantasia ni jambo geni kwa Kiswahili mpe Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, nchi nzima inaelea angani na wajumbe wake wanatumwa pande sita, mpaka mbinguni na ardhini. Adili na Nduguze ina ndugu waliogeuzwa nyani. Na kabla ya hapo watu walikuwa wanasimuliana Alfu Lela Ulela.

Chombo chako cha anga kinakushinda kwa sababu unatafuta neno la kutafsiri. Waandishi wa Kiingereza walipotaka kwenda angani walichukua maneno ya baharini, meli, kapteni, sitaha. Sisi bahari tunayo zaidi. Una nahodha, una serahangi anayesimamia mabaharia, una tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, ngama ya kuwekea shehena, dira, usukani, kung'oa nanga. Za juu unazo pia, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, elimu ya falaki, na Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wakulima walilitazama kujua majira. Mwandike serahangi anayegombana na vijana kwenye ngama ya chombo kinachokwenda Zohali, halafu uniambie kama inasikika tafsiri.

Kurasa_Elfu:

Bi Kilimia shikamoo, na asante sana. Hilo la ghaibu nimelisoma nikanyanyuka kwenye kiti kwa kweli. Mara tatu nimesoma Dune na sikuwahi kuliona.

Mkweli_Daima:

Ndugu mimi sitakuficha, kuna mambo mengi ya kweli ya kuandika, umaskini, rushwa, ndoa zinavunjika. Majoka na vyombo vya anga ni vya watoto. Tumia kipaji chako kwa kitu cha maana.

Kurasa_Elfu:

Kaka nashukuru kwa kuwa wazi, nimelifikiria hili sana kabla hata hujaniambia. Octavia Butler 1993 alitoa Parable of the Sower, stori inaanza 2024, maji bei juu, moto kila mahali, watu wanajenga kuta kujikinga na majirani, na msichana wa miaka kumi na tano ndani ya ukuta huo anaona kwamba ukuta hautadumu na wakubwa hawataki kusikia. Mimi sijawahi kusoma kitabu kilichoniambia ukweli kuhusu umaskini na woga kama hicho. Ukiniambia leo rushwa ni mbaya nitaitikia tu nipite, ukinijengea nchi nzima ambayo hewa inauzwa na mtoto anaulizwa risiti ya kupumua hapo nitakaa macho. Ndio ninachokitafuta kwenye hivi vitabu na ndio ninachotaka kuandika.

Zohali7:

Mtoa mada mimi nakuja na hoja tofauti na Rasimu ya Saba, kufanana usikuogope kiasi hicho. Roboti unaowasoma kila kitabu, neno limetoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, R.U.R., 1920, kutoka neno la Kicheki la kazi ya shuruti. Le Guin 1966 alibuni kifaa cha kuwasiliana papo hapo kati ya nyota akakiita ansible, na waandishi wengine wakakichukua na jina lake. Huku vifaa vinaazimwa. Asichoweza kuazima mtu ni yule aliyemweka katikati ya stori.

Sasa nikuulize, na ujibu kwa kweli. Ondoa jangwa, ondoa utabiri, ondoa majina ya siri. Kwenye zile rasimu mbili kinabaki nini ambacho wewe mwenyewe ukikisoma unasikia kitu?

Kurasa_Elfu:

Nimekaa na hili swali siku mbili ndio maana nilipotea.

Kinabaki kitu kimoja. Kwenye rasimu ya jangwa kuna mama mmoja bandarini, nilimweka kama ukurasa mmoja tu, kazi yake kuandika kwenye daftari vyombo vinavyoondoka na vinavyorudi. Binti yake aliondoka na kimojawapo. Mdogo wangu aliniuliza kuhusu huyo mama mara mbili, huyo shujaa wangu wa utabiri hakumuulizia kabisa.

Zohali7:

Basi stori yako ni hiyo. Na fizikia iko upande wako. Chombo kikienda kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, kila mwaka mmoja ndani yake ni kama miaka saba kwa waliobaki nyumbani, hiyo haijabuniwa na mtu, ni Einstein 1905. Binti akisafiri miaka mitatu yake, mama kazeeka ishirini na moja. Aliondoka na ishirini anarudi na ishirini na tatu, mama alikuwa arobaini na tano sasa ana sitini na sita na daftari bado liko mezani.

Waandishi wametumia hilo jambo mara nyingi, sikufichi, The Forever War ya Joe Haldeman ya 1974 imejengwa juu yake, ila pale ni askari wanaorudi vitani. Wewe una anayesubiri. Isome, kwa sababu utaona wapi yeye hakuangalia.

Rasimu_ya_Saba:

Hapo nakubaliana na Zohali. Na kisima chako nimeshakiona: nenda kasome makarani wa bandari walikuwa wanaandika nini kwenye madaftari yao, safu zipi, nani alisaini, chombo kisiporudi kinaandikwaje. Nakuhakikishia hilo la mwisho peke yake lina chapta nzima.

Na nikuongezee, ukitaka kujua sentensi zako ni za nani zisome kwa sauti asubuhi kabla hujagusa kitabu. Za kuazima mdomo unazikwepa.

Kurasa_Elfu:

Wakuu sina la kusema. Sifungi kusoma, nimeamua. Nimeanza upya jana usiku, naweka mwanzo hapa mniambie bila huruma:

"Chombo kilipong'oa nanga mama aliandika saa, idadi ya mabaharia na uzito wa shehena iliyokuwa ngamani. Aliumia sana kwa sababu binti yake alikuwa ndani. Jina la mwisho kwenye orodha aliliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine, akapuliza wino ukauke, akafunga daftari."

Bi_Kilimia:

Futa sentensi ya pili. Herufi kubwa zimeshasema.

Na huyo serahangi awemo, tafadhali.

Kurasa_Elfu:

Nimefuta Bi. Serahangi yumo chapta ya pili, ndiye anayekuja na habari kwamba chombo kimechelewa. Nikimaliza chapta hiyo naileta, kwa sasa narudi Dune mara ya nne, safari hii na kalamu mkononi natafuta kila neno letu lililomo mule.